Tiketi za ratiba, siti za Caravan au kukodi ndege nzima: kundi lenu lipande nini?

Mko watu 12 hivi, kwaya, timu, wanandugu wa msiba au wafanyakazi wa ofisi moja, mnatoka Dar mnaelekea Songwe, Bukoba, Mafia au huko Ruaha, na kwenye grupu la WhatsApp kamati imeshagawanyika. Mmoja anasema tukate tiketi za kawaida tu, mwingine anasema zile ndege ndogo za injini moja, Caravan, zinawafikisha karibu zaidi, halafu kuna yule mwenye hela kidogo anasema si tukodi ndege nzima tumalize kelele. Swali la usalama linaingia hapo, na mara nyingi linaingia vibaya, mtu anatupia picha ya ajali kwenye grupu kila mtu ananyamaza na kamati inahamia kwenye mambo ya chakula.

Mimi naona tofauti kubwa kati ya hizi njia siyo ukubwa wa ndege wala idadi ya injini. Tofauti ni nani kabeba maswali. Ukikata tiketi ya ratiba kuna watu usiowajua wameshauliza kwa niaba yako kama mafuta yanatosha, kama rubani amelala vizuri, kama uwanja unafaa, na wakisema hapana wewe unaambiwa tu safari imeahirishwa, unabaki kununa. Ukikodi, sehemu ya maswali hayo inahamia kwako wewe uliyetoa hela na hakuna anayekuambia kwamba imehamia.

Nitapima kwa vigezo gani

Usalama, yaani leseni, marubani wangapi, ndege ya aina gani na nani anakagua. Hali ya hewa na saa, hasa nani ana neno la mwisho mambo yakibadilika. Uzito na mizigo, watu wanadhani ni kero ya kaunta kumbe ndiyo usalama wenyewe. Pesa. Halafu nani inamfaa. Helikopta siigusi, hesabu zake ni nyingine kabisa.

Kabla hatujaanza kuna mambo mawili kuhusu takwimu. IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, walipotoa hesabu za 2024 walisema dunia nzima ilikuwa ajali 1.13 kwa kila safari milioni moja, Afrika 10.59. Namba inatisha, ila hesabu zao zinaanzia ndege za kilo 5,700 kwenda juu, na wanahesabu hata ndege iliyoteleza nje ya njia bila mtu kuumia. Caravan 208B uzito wake wa mwisho wa kurukia ni kilo 3,969 kwa hiyo haimo kabisa. Mtu akikutumia hiyo namba kukutisha au kukutuliza kuhusu ndege ndogo, ujue hajasoma hadi chini.

La pili ni ile orodha ya Ulaya. Disemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuruka kwao, na Juni 2025 ukaweka mashirika yote yenye cheti cha Tanzania, hoja yao kubwa ikiwa usimamizi wa mamlaka. Mashirika ya Kongo yamo humo miaka mingi. Hiyo siyo hukumu kwamba kila ndege ya hapa ni mbovu, wapo wanaofanya kazi safi kabisa, lakini maana yake kwako ni kwamba muhuri wa mamlaka peke yake usiutegemee, uliza na vingine. Kama kundi lenu lina wageni kutoka Ulaya wenye bima za kwao, wasome masharti ya bima kabla hamjalipa chochote.

Njia ambayo silinganishi: ndege ya jamaa

Kuna mtu ana rafiki mwenye ndege, anasema nyie changieni mafuta tu tutawapeleka. Hii siyo kukodi. Biashara ya kubeba abiria inataka kampuni iwe na cheti cha uendeshaji, wenyewe wanakiita AOC, na hapa Tanzania inataka pia leseni ya huduma za anga kutoka TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na rubani awe na leseni ya biashara siyo ile ya kujirushia mwenyewe.

Kisa cha Emiliano Sala kinatosha. Januari 2019, ndiyo kwanza kasajiliwa Cardiff City akitokea Nantes, akapakiwa usiku kwenye Piper Malibu ya injini moja. Rubani wake David Ibbotson hakuwa na leseni ya kubeba abiria wa kulipa wala ruhusa ya kuruka usiku. Ndege ikaangukia baharini karibu na Guernsey, na wachunguzi wakakuta moshi wa ekzosi wenye kaboni monoksaidi ulikuwa unaingia ndani. Aliyepanga ile safari, David Henderson, alihukumiwa miezi 18 jela mwaka 2021. Bei ya chini ya namna hii inatokana na vitu vilivyoachwa, na bima nyingi za maisha zina kifungu kwamba lazima uwe abiria wa kulipa kwenye ndege yenye leseni, kwa hiyo familia inaweza kubaki bila mtu na bila hela.

1. Tiketi za kundi kwenye ndege kubwa ya ratiba

Hapa nazungumzia ATR, Q400 na jeti, zile za viwanja vyenye ratiba ya kila siku au karibu kila siku.

Usalama: marubani 2, injini 2 au zaidi, wahudumu, ndege yenye hewa ya kutosha ndani hata ikipanda juu ya mawingu mengi, na kawaida inatua kwenye viwanja vyenye zimamoto. Kama shirika limepita ukaguzi wa usalama wa IATA unaoitwa IOSA, orodha iko wazi mtandaoni, unaandika jina unaona, dakika moja tu. Lakini tusidanganyane kwamba ukubwa ni kinga. Tarehe 6 Novemba 2022 ATR 42 ya Precision Air ikitokea Dar iliingia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba kwenye hali mbaya ya hewa, ndani walikuwa 43, wakafa 19. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kwa hiyo hata ukiwa na tiketi ya ratiba, uwanja unaokwenda ni sehemu ya swali.

Hali ya hewa na saa: huna sauti yoyote, na mimi naona hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote ingawa inauma. Mle ndani hakuna abiria anayeweza kumpigia rubani simu kumwambia mzee twende tu bibi harusi anasubiri. Ubaya wake ni kwamba ikiahirishwa mnaahirishwa wote na ndege ya pili inaweza kuwa kesho.

Uzito: mnabanwa na kilo za tiketi, mkizidi mnalipa, basi. Anayepiga hesabu ya mzigo mzima wa ndege ni mtu wa kazi hiyo.

Pesa: mnalipa siti mnazokalia tu. Mashirika mengi yanahesabu kundi kuanzia watu 10, mnapita dawati la makundi, mnaweka kianzio na majina mnaleta baadaye. Uliza mapema kama mtu mmoja akijitoa hela yake inarudi au jina linabadilishwa, maana kwenye kundi la watu 12 lazima mmoja atajitoa.

Inamfaa: kundi linaloenda mji wenye ratiba, lenye wazee au watoto, lenye watu wanaoogopa ndege, na lenye siku moja ya ziada mfukoni.

2. Siti kwenye ndege ndogo ya ratiba

Hizi ni zile Caravan za pale Terminal 1 Dar, za Arusha, za Wilson Nairobi, zinazoenda Zanzibar, Mafia, Serengeti, Mara na kwingineko, na nyingine zinashusha na kupakia njiani kama daladala, unaweza kutua viwanja 3 kabla ya chako.

Usalama: injini moja ya taabini, aina ya PT6, na ina sifa nzuri kwa kutozima ovyo. Watu wakiona injini moja wanahangaika na hiyo injini, wakati ajali nyingi za ukanda huu zinakutanisha mawingu, milima na ndege ambayo injini inanguruma vizuri tu. Juni 2018 Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ilienda kujigonga milima ya Aberdare, watu wote 10 wakafa, na ilikuwa na marubani wawili. Novemba 2017 nyingine ikitoka Kilimanjaro kwenda Serengeti ilianguka Empakaai kule Ngorongoro, 11 wakafa wote. Tarehe 28 Oktoba 2025 Caravan iliyotoka Diani kwenda Kichwa Tembo ilianguka Kwale na watu 11 waliokuwemo wakafa. Siziandiki kukutisha, hizi ndege zinaruka kila siku na watu wanafika, nataka tu ujue swali la kuuliza: je, rubani wa pili yupo, njia inapita juu ya milima, na asubuhi yenye mawingu mnafanyaje. Kampuni nyingine zinaweka marubani wawili kama kawaida, nyingine mmoja. Ukiuliza wanakujibu, na anayekasirika ukiuliza amekujibu pia.

Halafu Caravan haina hewa ya kubana ndani, ile inayokuwezesha kupumua vizuri ndege ikiwa juu sana, haiwezi kupanda kama ATR, kwa hiyo mawingu mnapita katikati yake au mnazunguka. Mtu mwenye shida ya kifua au mjamzito wa miezi mingi aongee na daktari kwanza.

Hali ya hewa na saa: kuna ratiba, kwa hiyo kampuni ina utaratibu wa kusema leo hapana. Ila viwanja vya vumbi havina taa, jua likizama kimeisha.

Uzito: hapa ndipo watu wanashangaa. Kawaida kilo 15 kwa mtu, begi laini lisilo na magurudumu wala fremu ngumu maana linasukumwa kwenye lile tumbo la chini ya ndege. Pale kaunta mtakuta mizani ya sakafuni na dada wa kaunta anakuomba upande na mkoba wako wa mkononi, anaandika namba kimya kimya, baadaye rubani anasoma karatasi anasema wewe mama njoo mbele, kaka wewe rudi nyuma siti ya mwisho. Akina dada wengi hukasirika hapo, akina kaka wanacheka halafu wanavuta tumbo, lakini ndege ndogo uzito ukikaa vibaya nyuma inaweza kukataa kutii. Kampuni inayokupima ipende. Isiyokupima kabisa, ikakubali na zile speaker za kwaya bila kuuliza, ndiyo ya kuogopa.

Pesa: kwa siti inaweza kuwa ghali kuliko ndege kubwa ukiangalia kilomita, ila inakuokolea gari la kutwa nzima huko mwisho wa safari. Mkiwa 12 angalia kama mtaingia wote kwenye ndege moja, mara nyingi wanawagawa mara mbili.

Inamfaa: watu 2 hadi 8 wanaokwenda mbugani au kisiwani, wenye mizigo midogo, wasio na haraka ya dakika.

3. Kukodi ndege nzima ya injini moja

Caravan yote ni yenu, au PC-12 ambayo nayo ni injini moja ila ina hewa ya kubana, inapanda juu zaidi na inaenda kasi, na siti ni chache.

Usalama: ndege yenyewe inaweza kuwa ile ile ya namba 2, rubani yule yule. Kilichobadilika ni kwamba sasa ninyi ndio bosi, na bosi anasukuma bila kujua anasukuma. Mmekubaliana kuondoka saa 7 mchana, bwana harusi kachelewa, picha hazijaisha, mnafika uwanjani saa 10 na nusu, safari ni saa moja na nusu na jua linazama kama saa 12 na nusu jioni. Kwenye karatasi inawezekana. Ila rubani sasa hana nafasi ya kuzunguka wingu, hana nafasi ya kurudi, na mnamwangalia watu 12 mliovaa sare. Wapo wanaosema hapana na Mungu awazidishie, lakini usimweke mtu kwenye hali ambayo kusema hapana ni kazi ngumu kuliko kuruka.

Viongozi nao wamo. Januari 2003 ndege ya kukodi iliyowabeba mawaziri wa Kenya waliokuwa kwenye sherehe Busia iligonga nyaya za umeme ikiruka kutoka kile kiwanja kidogo, Waziri wa Kazi Ahmed Khalif akafariki pamoja na marubani. Cheo cha abiria hakirefushi kiwanja.

Uzito: fanya hesabu na mimi, maana ukiielewa hii hakuna dalali atakuchezea. Caravan 208B mwisho kilo 3,969. Ndege tupu na siti zake weka 2,250, inategemea na ndege. Rubani na begi lake 90. Abiria 12 wa wastani wa kilo 80 ni 960, mabegi ya kilo 15 ni 180. Jumla 3,480. Zimebaki 489 za mafuta, ambazo ni kama lita 610, na injini inakunywa lita 180 hadi 200 kwa saa, kwa hiyo una saa 3 na kidogo hewani ukijumlisha na akiba ambayo sheria inataka ibaki. Dar mpaka Ruaha ni karibu saa 2, mtafika bila wasiwasi. Lakini kule kwenye kiwanja cha mbugani hakuna pampu, na ndege lazima irudi! Kwa hiyo ama wapungue watu, ama ipitie mahali penye mafuta kama Dodoma, na hilo linaongeza muda na hela. Dalali aliyekuambia watu 13 na mizigo yote moja kwa moja kwenda na kurudi bila kutua popote, muombe akuandikie hiyo hesabu kwenye karatasi uone atakavyoanza kukohoa. Na mkiwa mnaruka kutoka Wilson ambayo iko kama mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, saa 8 mchana jua kali, punguza tena, hewa ya juu yenye joto inabeba vibaya.

Pesa: mnalipa ndege siyo siti. Saa zinahesabiwa injini ikiwaka, na ndege ikiwashusha ikarudi tupu hiyo tupu ni yenu. Mfano Dar na Mafia: ikiwapeleka ikasubiri ikawarudisha siku hiyo hiyo ni vipande 2 na ada ya kusubiri. Ikiwaacha ikarudi Dar halafu ije kuwachukua baada ya siku 3, mmelipa vipande 4. Juu yake kuna ada za viwanja, za abiria, malazi ya rubani ikilala. Wengi wanalinganisha bei ya mbele tu halafu wanalia baadaye. Mkijaa siti zote inaweza kukaribiana na namba 2, mkiwa 5 sahau.

Cha kuomba kwa maandishi kabla ya kutoa hata shilingi: jina la kampuni yenye AOC, maana dalali siyo kampuni, namba ya usajili wa ndege inayokuja, 5H kama ni ya Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, cheti cha bima chenye namba hiyo hiyo na kiwango cha abiria, marubani wangapi, na sharti la kuahirisha kwa hali ya hewa linasemaje kuhusu hela yenu. Hilo la mwisho ni la usalama kabisa. Mkiandikiana kwamba rubani akighairi kwa hewa mbaya mnapangiwa siku nyingine bila faini, mmeshamuondolea mzigo mkubwa. Siku ya safari soma namba ubavuni mwa ndege, kama siyo ile uliyoandikiwa uliza kwanza kabla hujapanda, inaweza kuwa mabadiliko halali tu lakini bima lazima iwe ya ndege hiyo mpya.

Inamfaa: kundi la watu 8 hadi 12 linaloenda mahali pasipo ratiba, lenye kiongozi mmoja anayeweza kuambia watu muda, na ambalo likiambiwa leo haiwezekani halitageuka kamati ya kumbembeleza rubani.

4. Kukodi ndege ya injini mbili

King Air kwa watu 8 hivi, LET 410 kwa watu 15 hadi 19, au ATR nzima mkiwa 40 na zaidi.

Usalama: moja ikizima moja ipo, marubani kwa kawaida 2, na King Air na ATR zina hewa ya kubana. Kwa safari ndefu juu ya maji au milima, au ya usiku kwenye viwanja vyenye taa, mimi mwenyewe ningeenda hapa kama hela ipo. Ila hii habari ya injini nyingi imewadanganya wengi. Aprili 1993 timu ya taifa ya Zambia ilipandishwa Buffalo ya jeshi la anga kwenda Senegal. Baada ya kuongeza mafuta Libreville injini ya kushoto ikapata hitilafu na rubani, aliyekuwa amewarudisha kutoka Mauritius siku iliyotangulia, akazima ya kulia ambayo ilikuwa nzima. Wote 30 wakafa. Na Novemba 2016 timu ya Chapecoense ya Brazil ilikodi ndege ya LaMia kutoka Bolivia kwenda Medellín, hiyo ilikuwa na injini 4, zote zikazima kwa sababu mafuta yaliisha, walikuwa wamepanga safari inayolingana na tanki lenyewe na hawakutua kuongeza. Wakafa 71 kati ya 77. Injini 4 bila mafuta ni chuma tu.

Kwa hiyo maswali ni yale yale ya namba 3, ongeza mawili. Mafuta tunaongeza wapi. Rubani aliruka lini mara ya mwisho, saa zake za kazi zina kikomo kisheria na safari ya kwenda asubuhi, kusubiri kutwa na kurudi usiku inaweza kumpitisha hapo, ndiyo maana kampuni nzuri itakuambia ulipie marubani wa zamu ya pili au ndege ilale huko. Watu wanaona ni kuongezewa bei.

Hali ya hewa na saa: inavumilia zaidi, na kama uwanja una taa na vyombo vya kuongozea ndege, usiku siyo kikwazo. Lakini kiwanja kifupi cha vumbi ambacho Caravan inatua vizuri, kubwa zaidi inaweza kukataliwa, kwa hiyo usilipe kabla hawajakuthibitishia kiwanja chenyewe kwa jina.

Uzito: nafuu kidogo, mizigo ya kwaya na jezi inaingia, ila King Air ikijaa watu na mafuta hairuhusu mabegi makubwa, usidanganyike na jina.

Pesa: ghali kuliko zote kwa saa, ingawa inaenda kasi kwa hiyo saa zinapungua. Dar hadi Bukoba moja kwa moja ni zaidi ya kilomita 1,000, Caravan itawachukua saa 3 na nusu za kukaa umekunja magoti bila choo, King Air karibu saa 2. Linganisha bei ya safari nzima siyo bei ya saa.

Inamfaa: ofisi, timu na familia zenye uwezo, safari ndefu, ratiba ya siku moja isiyobadilika, na makundi ambayo mwajiri au bima yao inakataza injini moja.

Sasa nyie mko wapi?

Mkiwa mnaenda Mwanza, Songwe, Kilimanjaro au mji wowote wenye ndege kubwa kila siku, na hakuna dharura, chukueni namba 1 na mwende siku moja kabla ya shughuli. Kukodi hapo ni raha tu, na raha siyo dhambi, ila msiiite usalama.

Harusi Mafia, watu 12, mizigo ya sherehe: gawaneni mara mbili kwenye ndege ndogo za ratiba na vitu vizito vitangulie kwa boti. Mkitaka lazima mtue pamoja kodini namba 3 lakini saa ya kuondoka iwe asubuhi, mtu wa picha aelewe.

Msiba wenye mwili: ndege kubwa hubeba jeneza kama mzigo, ulizeni vipimo vya mlango wa mizigo na vibali kabla hamjatengenezesha jeneza pana. Caravan inaweza kutolewa siti ikabeba jeneza na ndugu wachache, na kijijini karibu na kiwanja cha vumbi inaokoa safari ya gari ya usiku, ambayo mimi binafsi naiogopa kuliko ndege. Hapa ndipo haraka inakuwa kubwa kuliko pote, kwa hiyo mwanandugu mmoja mtulivu apewe kazi ya kuongea na kampuni, wengine waongee na mochwari.

Mbugani na wageni, watu 4: namba 2, labda bima ya mgeni iseme vingine.

Timu au kwaya ya watu 40: ama tiketi za ratiba ama ATR nzima, siyo Caravan 4 zinazofukuzana, maana moja ikichelewa zote zitavutana. Ofisi nyingi haziwapandishi mabosi wote ndege moja, na hata nyie mwalimu na msaidizi wake wanaweza kutofautiana ndege.

Mradi au kampuni ya madini inayokodi mara kwa mara: tafuteni kampuni zilizokaguliwa kwa viwango vya usalama wa anga vinavyoitwa BARS au mtume mkaguzi wenu, kwa safari za kila wiki gharama yake ni ndogo. Wafanyakazi wa misaada huko mashariki ya Kongo au Sudan Kusini waanze kwanza kuuliza siti za UNHAS, zile ndege za misaada za WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa.

Na kama anayesafiri ni mgonjwa wa kulala, msikodi Caravan ya kawaida mkaweka godoro. Pigeni kwa wanaofanya ambulansi za anga, AMREF Flying Doctors wako Wilson na kazi hii ilianza 1957, wana ndege zenye hewa ya kubana, oksijeni na muuguzi, na watataka kuongea na daktari wa upande huu kabla hata ya kutaja bei, kwa hiyo namba ya simu ya daktari na jina la hospitali inayompokea viwe tayari.